Wahusika wa D&D kwa wanaoanza: kanuni za bure, kitabu kizima, au mseto?

Meza nyingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu, huanza hivi. Wachezaji ni wanne. Watatu hawajawahi kurusha dadu ya pande 20, na wa nne ameshatazama video za kutosha kutaka mhusika wa klasi mbili (klasi ni fani ya mhusika), mwenye kipaji maalumu na uchawi kutoka kitabu cha nyongeza. Anayeongoza mchezo, DM, anabaki na swali gumu. Akimkubalia huyu, wale watatu awape nini? Akimkatalia, si atakuwa amempoza mtu pekee aliyekuja na hamu yake?

Ninazungumzia toleo la tano kama lilivyotoka mwaka 2014, kwa sababu bado limejaa mezani na sehemu kubwa ya kanuni zake inapatikana bila kulipa. Toleo lililorekebishwa la 2024 limebadilisha baadhi ya hesabu, nami nitaligusa mahali pake.

Watu hupima machaguo ya wahusika kwa nguvu: kipi kinapiga zaidi, kipi kinaua haraka. Kwa meza ya wanaoanza hicho si kipimo kizuri. Kila chaguo lina bei, na bei yenyewe ni muda wa kufikiri. Cha kuuliza ni nani anailipa, na anailipa mara ngapi. Kuna machaguo yanayolipwa mara moja tu, nyumbani, siku ya kuandika karatasi ya mhusika. Mengine hulipwa na mchezaji kila zamu yake ikifika. Yako pia yanayolipwa na meza nzima, watu wanne wakisubiri mmoja afungue ukurasa. Ukishika kipimo hiki, mengi yanayoitwa ya juu utayaona mepesi, na baadhi ya yanayoitwa ya mwanzo utayaona mazito.

Milango mitatu ya kuingilia

Wa kwanza ni kanuni za msingi za bure. Humo mna jamii nne (binadamu, elfi, dwafu na halflingi) na klasi nne: mpiganaji, kuhani, mwizi na mchawi wa vitabu. Kila klasi ina tawi moja tu la kufuata, yaani njia moja ya kubobea. Vipaji maalumu havimo. Boksi la wanaoanza la 2014 lilikwenda mbali zaidi kwa kurahisisha: lilikuja na wahusika watano walioandikwa tayari, dadu sita, kijitabu cha kanuni chenye kurasa 32 na hadithi ya kuwapeleka wachezaji hadi ngazi ya 5. Unachagua karatasi, unaketi, unacheza.

Mlango wa tatu (wa pili nakuja nao) ni kitabu cha mchezaji chenyewe: kurasa 320, klasi 12, jamii tisa, matawi kadhaa kwa kila klasi, vipaji maalumu, na kanuni ya kuchanganya klasi. Hivi viwili vya mwisho kitabu chenyewe kinaviita vya hiari, kwa ridhaa ya DM. Wengi husahau jambo hilo. Mchezaji akikuambia kipaji fulani ni haki yake kwa kuwa kimo kitabuni, kitabu hicho hicho kinakupa wewe neno la mwisho.

Katikati yake upo mlango ambao wachezaji wapya wengi hawaujui: hati ya marejeo ya kanuni, SRD 5.1. Januari 2023 Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, waliiweka chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo yeyote anaweza kuinakili, kuichapisha na hata kuitafsiri, mradi ataje ilikotoka. Humo mna klasi zote 12, ila kila moja ina tawi moja. Kipaji maalumu ni kimoja tu, cha kukabana mieleka, na historia ya mhusika ni moja tu, ya mhudumu wa hekalu. Ukiitazama vizuri, hii ni mseto uliokwisha kutengenezwa: upana wa kitabu kizima bila vichaka vyake.

Kwa anayecheza Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura, hati hii ina faida nyingine isiyohusu kanuni. Kitabu kilichochapwa ni cha Kiingereza, na mara nyingi kinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo kundi zima huwa na nakala moja, mara nyingine bila hata hiyo. Watu watano wakijenga wahusika kwa kitabu kimoja, machaguo mengi maana yake ni foleni. Ukiwa na hati ya bure unamchapishia kila mtu kurasa za klasi yake peke yake, na ukitaka unamwandikia muhtasari wa Kiswahili pembeni bila kuvunja sheria ya mtu. Mchezaji mwenye kurasa nne mkononi hujifunza haraka kuliko mwenye kurasa 320 kwenye simu.

Nani alisema mchawi ni rahisi?

Zile klasi nne za kanuni za msingi hazikuwekwa pale kwa kuwa ni nyepesi kuliko nyingine. Ni za jadi. Mchezo ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na mpiganaji, mchawi na kuhani, na mwizi akaongezwa mwaka 1975. Mstari kati ya msingi na juu ni mstari wa historia, na hausemi lolote kuhusu ugumu.

Angalia anachokabidhiwa mchawi wa vitabu katika ngazi ya 1. Ana uchawi mdogo wa aina tatu anaoutumia bila kikomo, kitabu chenye uchawi sita, na kila asubuhi ya mchezo anachagua upi autayarishe, idadi ikiwa ni ngazi yake pamoja na nyongeza ya akili. Kisha ana nafasi mbili tu za kuurusha kwa siku, na moja anayoweza kuirudisha kwa mapumziko mafupi. Akikosea kuchagua asubuhi, jioni anabaki kujilaumu. Kuhani ana mzigo unaokaribia huo, na zaidi yake anatayarisha kutoka orodha nzima ya klasi yake. Hawa wawili wamo kwenye kanuni za mwanzo.

Sasa mtazame babariani, ambaye kanuni za mwanzo zimemwacha nje. Katika ngazi ya 1 ana dadu ya uhai ya pande 12, kubwa kuliko ya klasi yoyote, na ghadhabu anayoweza kuipandisha mara mbili kwa siku. Akiwa na ghadhabu anaongeza 2 kwenye majeraha anayosababisha kwa silaha za mkono zinazotumia sifa ya nguvu, na mapigo ya kawaida ya silaha yanamuumiza nusu. Ngazi ya 2 anapata pigo la kujitoa mhanga: anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, na maadui nao wanapata faida hiyo hiyo dhidi yake. Uamuzi wake wa kila zamu ni mmoja: nikasirike au nisikasirike? Kwa mtu ambaye hajui kanuni hata moja, sijaona klasi bora ya kuanzia.

Kwa hiyo DM anayesema "klasi za msingi tu, tusiwachanganye watoto" amewapa wawili kati ya wanne kazi nzito na kuwanyima ile nyepesi. Badilisha. Toa ruhusa kwa klasi moja moja, na usitoe kwa kitabu.

Paladini ndiye wa pili ninayemfungulia mlango. Ngazi ya 1 ana mikono ya kuponya, pointi tano kwa kila ngazi, anazigawa atakavyo. Ngazi ya 2 anapata uchawi na pigo takatifu: anatumia nafasi ya uchawi kuongeza dadu mbili za pande nane kwenye jeraha, wastani wa 9. Uzuri wake ni kwamba anaamua baada ya kuona pigo limempata adui. Hapotezi kitu kwa kukosa shabaha, na kwa mchezaji mpya kupoteza nafasi yake kwa dadu mbaya ndiko kunakoumiza. Bei yake inalipwa kwa zamu, lakini ni swali la ndiyo au hapana.

Mchawi wa mapatano, yule aliyefunga mkataba na kiumbe mwenye nguvu, anawagawa watu. Mchezoni ni mwepesi kuliko mchawi wa vitabu: nafasi moja ya uchawi katika ngazi ya 1, mbili kuanzia ngazi ya 2, na zinarudi kwa mapumziko mafupi ya saa moja. Ugumu wake uko nyumbani, kwa kuwa mlezi unamchagua ngazi ya 1, nguvu mbili za ziada ngazi ya 2, na aina ya mapatano ngazi ya 3. Hayo ni maamuzi matatu mazito kabla hujajua mchezo. Ukikaa naye nusu saa ukamsaidia kuchagua, atakuwa sawa. Ila angalia tabia ya kundi: kama meza yenu haipumziki mpaka usiku uingie, mtu huyu atacheza akiwa na nafasi mbili siku nzima, na hatajua kwa nini wenzake wanang'aa.

Druidi mwache kwanza. Kuanzia ngazi ya 2 anajigeuza mnyama, na kila mnyama ana karatasi yake ya takwimu, yaani meza inasubiri anapotafuta. Kama mtu ameshikilia, mpe mnyama mmoja tu wa kuanzia. Mbwamwitu anafaa: kinga 13 (namba ambayo dadu ya anayempiga lazima ifikie), uhai 11, na anaruhusiwa mapema. Mchapishie karatasi yake, umwambie wengine watakuja baadaye.

Manju ana bei ya ajabu. Anawapa wenzake dadu ya kuwatia moyo, halafu wao ndio wanaopaswa kukumbuka kuitumia. Watatu wapya hawatakumbuka. Mpe mjuzi klasi hii, naye atawakumbusha.

Mtawa na mchawi wa kuzaliwa si wa hatari, wala si wa haraka. Mlinzi wa pori wa 2014 uwezo wake wa mwanzo unategemea aina ya adui na aina ya mazingira aliyoyachagua. Ukimpeleka mtaalamu wa msitu kwenye kampeni ya jangwani, umemuonea.

Bingwa au Fundi wa Vita

Mpiganaji akifika ngazi ya 3 anachagua tawi. Kanuni za msingi na SRD zina Bingwa peke yake. Kitabu kizima kinaongeza Fundi wa Vita, pamoja na mpiganaji mwenye uchawi ambaye leo simgusi.

Bingwa anachopata ni hiki: pigo lake la kufisha linatokea dadu ikionyesha 19 au 20, badala ya 20 peke yake. Fundi wa Vita anapewa dadu nne za pande nane na mbinu tatu za kuzitumia, naye anazipata upya kila akipumzika.

Tuzipige hesabu kwa upanga mkubwa, dadu mbili za pande sita. Pigo la kufisha linaongeza dadu mbili nyingine, wastani wa 7. Bingwa amejiongezea nafasi ya asilimia 5 kwa kila pigo, kwa hiyo faida yake ni 0.35 kwa pigo. Dadu nne za Fundi zina jumla ya wastani wa 18. Ili Bingwa amfikie, anahitaji kurusha mapigo kama 51 kabla ya mapumziko. Katika ngazi ya 3, ambako mpiganaji hupiga mara moja kwa zamu, pambano likienda raundi sita ni refu. Mapigo 51 hayafiki. Tena Fundi, juu ya hayo majeraha, anamwangusha adui chini au kumtisha.

Kwa kipimo cha nguvu basi hakuna shindano. Kwa kipimo cha bei, Bingwa ni bure kabisa: hana cha kukumbuka ila namba moja. Fundi ana orodha ya mbinu 16 za kuchagua tatu, na kila zamu anajiuliza atumie au atunze.

Mseto ninaoupendekeza hapa ni kumpa mpiganaji mpya Fundi wa Vita, lakini mbinu umchagulie wewe: ya kumwangusha adui, ya kumtisha, na ya kuongeza dadu kwenye shabaha iliyokaribia kukosa. Zote anazitumia kwenye zamu yake mwenyewe. Ile ya kujibu pigo adui anapokukosa ni tamu kwa mzoefu, ila inamtaka mchezaji awe macho kwenye zamu za wengine, na mchezaji mpya zamu za wengine huzitumia kutafuta karanga. Bingwa mwachie mtu aliyesema wazi kuwa hataki mambo mengi. Wapo, na wengine hubaki hivyo miaka yote wakifurahi. Usiwabadilishe kwa nguvu.

Kipaji maalumu au pointi mbili

Ngazi ya 4 kila mhusika anaongeza pointi mbili kwenye sifa zake. Kanuni ya hiari inamruhusu kuziacha na kuchukua kipaji. Hapa ndipo yule mtazamaji wa video anapokuja na kipaji cha silaha nzito: punguza 5 kwenye shabaha, ongeza 10 kwenye jeraha. Mtandaoni kinasifiwa kama lazima.

Chukua mpiganaji wa ngazi ya 4 mwenye nguvu 16 na upanga mkubwa. Akiongeza nguvu hadi 18, shabaha yake, anayojumlisha kwenye dadu ya pande 20, ni +6 na pigo lake wastani 11. Akichukua kipaji na kukitumia, shabaha yake inashuka hadi +0 na pigo linapanda hadi 20. Wastani wa jeraha kwa kila jaribio, bila kuhesabu mapigo ya kufisha, ni huu:

| Kinga ya adui | Nguvu 18 | Kipaji kikitumika |
|---|---|---|
| 11 | 8.8 | 10.0 |
| 12 | 8.25 | 9.0 |
| 15 | 6.6 | 6.0 |
| 18 | 4.95 | 3.0 |

Kipaji kinashinda dhidi ya walio wepesi kupigwa na kushindwa dhidi ya waliovaa chuma. Zimwi kubwa aina ya ogre, lenye kinga 11 na uhai 59, ndilo shabaha yake halisi. Goblini, adui wa kila siku wa ngazi za mwanzo, ana kinga 15 na uhai 7. Upanga mkubwa wa mwenye nguvu 16 tayari unamuua kwa pigo moja mara 33 kati ya 36 ukimpata. Kumuongezea jeraha la 10 ni kumuua mara mbili, na umelipia kwa kukosa shabaha mara nyingi zaidi.

Ni kweli kipaji hicho kina kipande cha pili, pigo la ziada baada ya kummaliza adui uhai au kupata pigo la kufisha, na hicho jedwali halikukihesabu. Ni kweli pia mwenye kipaji haimlazimu kukitumia kila mara. Lakini kukitumia vizuri kunamtaka akisie kinga ya adui kwa kumtazama, na ukisiaji huo huja kwa uzoefu. Mwenye uzoefu atafaidi. Mchezaji mpya atakosa shabaha mara tatu mfululizo, akunje uso, na kusema mchezo huu ni wa bahati. Kipaji cha mpiga mishale chenye hesabu hiyo hiyo nacho kina hadithi hiyo hiyo, ingawa mpiga mishale wa klasi ya mpiganaji anaweza kujichukulia +2 ya shabaha kwa mtindo wake wa kupigana, na hiyo inamsogeza mbele.

Vipaji vya kulipwa mara moja ni jambo lingine. Kile kinachoongeza uhai pointi mbili kwa kila ngazi kinampa mtu wa ngazi ya 4 uhai 8 papo hapo, na habari imekwisha: andika namba, funga kalamu. Kile cha kuwa macho kinatoa +5 kwenye kupanga nani aanze, na mtu hashtukizwi. Ruhusu hivi bila wasiwasi. Kipaji cha bahati, chenye kurusha upya mara tatu kwa siku, ni chepesi kukieleza lakini kinakatiza meza: kila dadu mbaya inazua mjadala wa nitumie, nisitumie. Ningekikataa kwa wanaoanza, na wapo ma-DM wengi tu wanaokikataa hata kwa wazoefu.

Kuna suala dogo la binadamu ambalo wengi hulipita. Binadamu wa kawaida anaongezewa 1 kwenye sifa zote sita, na inasikika kama ukarimu mkubwa. Chukua seti ya kawaida ya sifa: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Zikiongezwa zinakuwa 16, 15, 14, 13, 11, 9. Nyongeza inayotumika mchezoni inabadilika kila namba mbili, kwa hiyo kati ya sita zimebadilika mbili tu, ile ya 15 na ile ya 13. Binadamu wa hiari, anayepewa +1 kwenye sifa mbili, ujuzi mmoja na kipaji kimoja, anaziongeza hizo hizo mbili na kubaki na vingine mkononi. Aliyechagua wa kawaida amenyimwa bila kujua. Ukitumia seti hiyo, wape binadamu wote njia ya hiari, kisha uwape vipaji vya kulipwa mara moja wachague humo. Hili ndilo chaguo la juu ambalo kukataa kwake kunaumiza kuliko kuliruhusu.

Kuchanganya klasi

Jibu langu ni hapana, mpaka ngazi ya 6 angalau. Sababu ziko kwenye ratiba ya mchezo.

Ngazi ya 5 ndiyo daraja kubwa la kwanza. Mpiganaji, babariani, paladini, mtawa na mlinzi wa pori wanapata pigo la pili kila zamu. Mchawi wa vitabu anapata nafasi mbili za uchawi wa daraja la tatu, ukiwamo mpira wa moto, dadu nane za pande sita, wastani 28 kwa kila aliyemo ndani na asiyefaulu kukwepa. Pigo la pili linategemea ngazi za klasi yenyewe. Aliyekuwa mpiganaji wa 4 na mchawi wa 1 amefika ngazi ya 5 ya jumla akiwa na pigo moja na nafasi mbili za uchawi wa daraja la kwanza. Akiwa mpiganaji wa 3 na mchawi wa 2 ni zaidi ya hapo: hata zile pointi mbili za ngazi ya 4 hajazipata, kwa kuwa nazo zinahesabiwa ndani ya klasi. Wenzake wamevuka daraja, yeye bado anatafuta nauli.

Kuna pia sharti la kuwa na 13 kwenye sifa kuu za klasi zote mbili, na kwa seti ya kawaida hilo linamtoa pumzi mtu anayehitaji uhai mzuri pia. Mjuzi anajua kwa nini anakubali kuchelewa. Mchezaji mpya huchanganya kwa sababu ya picha aliyo nayo kichwani, shujaa mwenye upanga na moto mkononi. Picha hiyo haihitaji klasi mbili. Paladini anayo. Mchawi wa mapatano wa silaha anayo, na yule mpiganaji mwenye uchawi niliyemkwepa juu anayo kuanzia ngazi ya 3. Muulize mtu anataka aonekane vipi kabla hajakuambia anataka kanuni gani. Mara nyingi klasi moja inatosha.

Mjuzi mmoja kati ya wapya

Rudi kwa yule mwenye hamu. Kumnyima kila kitu si haki, na kumwachia kila kitu kunawafanya wenzake wawe watazamaji. Mpe upana pale ambapo nguvu zake zinakwenda kwa wengine: manju, kuhani wa tawi asilolizoea, hata druidi kama ameahidi kuja na karatasi zake za wanyama. Mkatalie wingi wa vitabu. Mpango rasmi wa vikao vya hadhara, Adventurers League, ulikuwa kwa muda mrefu na kanuni nzuri ya kuiga: kitabu cha mchezaji pamoja na kimoja kingine tu kwa kila mhusika. Vitabu vya nyongeza vya 2017 na 2020 vina mambo mazuri, na kuchota kwenye vyote viwili kwa mhusika mmoja ndiko kunakozaa wale wahusika ambao DM anahitaji siku mbili kuwaelewa.

Kwa upande wa pili kuna mdogo wa mtu, au mchumba aliyeletwa, ambaye hata babariani anamtisha. Boksi la Essentials Kit la 2019 lilileta wasaidizi: mhusika mdogo wa aina tatu, mpiganaji, mtaalamu au mrusha uchawi, anayepanda ngazi sambamba na kundi kwa kanuni fupi sana. Walikusudiwa kumsindikiza mchezaji wa peke yake, lakini hakuna kinachozuia mtu kumchukua msaidizi kama mhusika wake kwa vikao vya mwanzo. Akizoea, mbadilishie.

Suala la lini uongeze limejibiwa nusu na mchezo wenyewe. Ngazi ya 2 inataka pointi 300 za uzoefu, ya 3 pointi 900, ya 4 pointi 2,700, ya 5 pointi 6,500. Ngazi mbili za kwanza ni fupi makusudi. Waache watu wapite hapo na kurasa zao nne, ufungue matawi ya kitabu kizima wakifika ngazi ya 3, na vipaji, nje ya vile vya binadamu wa hiari, wakifika ya 4. Mtu aliyechukia alichochagua ngazi ya 1 mruhusu akibadilishe bila maswali mpaka hapo.

Ukiwa na kitabu cha 2024

Mambo matatu yamegeuka. Kila klasi sasa inachagua tawi ngazi ya 3, hata kuhani na mchawi wa mapatano ambao zamani walichagua ngazi ya 1. Hilo limewapunguzia wapya mzigo wa mwanzo. Kipaji cha silaha nzito hakina tena biashara ya -5 na +10, kwa hiyo jedwali langu halikuhusu. Na vipaji si vya hiari tena, kwa kuwa kila historia ya mhusika inakuja na kipaji chake cha asili tangu ngazi ya 1, utake usitake.

Kwa hiyo mseto unahamia kwenye historia. Mkulima anakuja na kile kipaji cha uhai, mhalifu na kile cha kuwa macho, mfanyabiashara na kile cha bahati. Wawili wa kwanza wape wapya, wa tatu mpe atakayeahidi kutosimamisha meza. Mhalifu yumo kwenye hati ya bure ya kanuni mpya, SRD 5.2 ya mwaka 2025. Mkulima humo hamna, utampata ukinunua kitabu.